Printa ya waifai hapa Mbeya, naprinti kwa simu tu

Kwa mnaouliza kama printa ya waifai inafaa, hii ya matenki ya wino niliyochukua Mwanjelwa ni nzuri jamani, ila kuiunganisha mara ya kwanza kunataka moyo. Waifai ya masafa ya 5 GHz haiioni kabisa, inataka ya 2.4 GHz tu, na ruta nyingi siku hizi zinatoa yote mawili kwa jina moja, basi unabonyeza weee na taa ya waifai inapepesa tu, dawa yake ingia setingi za ruta uzime ile 5 kwa muda, ukishaunganisha unairudisha.

Baada ya hapo ni raha. Simu za Android kuanzia toleo la 8 mara nyingi huna haja hata ya kudanlodi programu, unafungua PDF, unachagua kuprinti, printa inajitokeza yenyewe. Wa iPhone mna AirPrint, njia ya kuprinti iliyomo ndani ya simu yenyewe, hiyo ndo haina maneno. Na bando likiisha bado unaprinti maana simu na printa zinaongea kupitia ruta, intaneti haihusiki, na kama huna ruta kuna Wi-Fi Direct, simu inashika printa moja kwa moja.

Dada yangu anafundisha Uyole, na hii baridi ya Julai anatuma mitihani akiwa ndani ya blanketi, nasikia tu karatasi zinavutwa huko sebuleni. Kinachoniudhi, ikikaa muda inalala na simu inasema iko oflaini mpaka uende ubonyeze batani. Picha nazo zinatoka zimepauka, za pasipoti bado naenda studio.