Vitabu vya sauti vya fantasia: sikiliza majina kwanza

Kwa uzoefu wangu, usomaji mbovu huiumiza fantasia kuliko aina nyingine yoyote ya riwaya. Anayesoma kwa macho ana ramani kwenye kurasa za mwanzo, na akisahau mfalme fulani ni wa ufalme gani, anafunua nyuma. Anayesikiliza anamtegemea msimulizi peke yake. Majina mawili yanayopishana kwa herufi moja yakitamkwa kizembe, sikioni yanakuwa jina moja.

Kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote ni jina kubadilika matamshi. Hutokea sana kwenye mfululizo uliorekodiwa kwa miaka mingi bila kutunza orodha ya matamshi: kitabu cha kwanza mkazo uko mwanzoni mwa jina, cha tatu umehamia mwishoni, nawe unadhani kaingia mhusika mpya. Ndiyo maana nasikiliza kionjo cha kitabu cha kwanza na cha mwisho kabla ya kulipia chochote. Hata msimulizi akiwa amebadilishwa njiani, utamgundua hapo.

Wingi wa sauti haunishawishi. Mwigizaji Mwingereza Roy Dotrice aliingia kwenye rekodi za Guinness kwa kuwapa sauti wahusika 224 katika kitabu cha sauti cha A Game of Thrones, na ni kazi kubwa kweli, ila mimi napima wale sita au saba wanaozungumza kila sura. Je, namtambua msemaji kabla ya kuambiwa ni nani? Msimulizi hodari huwatenganisha kwa kasi, vituo na lafudhi. Anayekwaruza koo kwa kila zimwi na kuwabania wanawake wote sauti nyembamba anachosha mapema, na vitabu hivi hufika saa 30 au 40.

Rekodi zenye waigizaji wengi ni tamu kwenye mabishano, mradi muziki usifunike majina.

Kuhusu spidi: msimulizi mzito namsogeza hadi 1.2. Nikipita 1.5, majina ya kubuni yanapotea, kwa sababu sikio haliwezi kukisia neno lisilolijua. Mnong'ono unaozama na kelele zinazopasua masikio ni kosa la uhariri. Vigezo vya ACX, jukwaa la kutengenezea na kuuzia vitabu vya sauti, vinataka wastani wa sauti uwe kati ya desibeli -23 na -18. Tatizo hilo likisikika kwenye kionjo, usinunue: ukiongeza sauti ili usikie mnong'ono, vita vinavyofuata vitakuumiza masikio.