Uzoefu wangu na DVD ya Queen: nyota nne, ya tano nimeinyima

Nilinunua DVD hii kwa ajili ya wimbo mmoja tu, Bohemian Rhapsody. Ni ile ya mfululizo wa Classic Albums, iliyotoka mwaka 2006, inayoeleza jinsi Queen, bendi ya roki ya Uingereza, walivyoirekodi albamu yao A Night at the Opera mwaka 1975. Mimi ni fundi mitambo kwenye studio ndogo hapa Dar. Wateja wangu ni kwaya na vijana wa Bongo Fleva. Roki naisikiliza nikishafunga mlango.

Utamu wake uko pale mpiga gitaa Brian May anapokaa kwenye mikseri na mkanda wenyewe wa Bohemian Rhapsody. Anazima kila kitu, anaacha sauti moja, halafu anafungulia nyingine juu yake. Wimbo niliousikiliza miaka yote nikausikia ukivuliwa nguo moja moja. Lile kundi kubwa la waimbaji katikati ya wimbo ni watu watatu: May chini, mwimbaji mkuu Freddie Mercury katikati, na mpiga dramu Roger Taylor kule juu ambako wengi wetu tungepasuka koo. Kuna siku waliimba kwa muda wa masaa 10 hadi 12.

Mama alikuwa pembeni akichambua mchele. Ilipofika ile "Bismillah" akainua kichwa.

"We mwanangu, hao Wazungu wanasoma dua?"

Nikamwambia mtunzi wake, Mercury, kazaliwa Unguja, mwaka 1946.

"Si ungesema mapema!" Akasogeza sinia karibu na runinga.

Kwa sisi wa mitambo, somo ni mkanda. Ulikuwa na treki 24 tu, yaani njia 24 za kurekodia sauti, kila moja peke yake. Zikijaa, wanazichanganya sauti kadhaa kuwa moja, wanaihamishia kwenye treki nyingine, kisha wanaendelea kuimba juu yake. Ukishahamisha na kurekodi juu ya zile za zamani, umekula kiapo, hakuna kurudi. Mkanda ulipita kwenye mashine mara nyingi mno hadi ukaanza kupitisha mwanga. Prodyuza Roy Thomas Baker amewahi kusimulia kwamba sehemu ile ya katikati, inayoimbwa kama opera, ilikuwa ndogo mwanzoni, ila kila Mercury alipokuja na "Galileo" nyingine ya kuimba, yeye aliunga kipande kingine cha mkanda. Yaani wimbo uliongezwa urefu kama kanzu ya mtoto anayekua.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu mbili. John Deacon, mpiga besi, hayumo kwenye mahojiano mapya, na mimi besi ndiyo ninayoikimbilia. Pili, wanaruka haraka kutoka wimbo hadi wimbo. Nilitaka wakae zaidi pale Rockfield, ile studio ya shambani Wales walikoanzia kuurekodi wimbo huu. DVD yangu pia ilikwama mara mbili, lakini hilo ni la duka nililonunulia, si la Queen.

Wiki iliyofuata walikuja dada watatu wa kwaya, nikajitia Baker. Nikawarekodi mara 12, nikazichanganya sauti zote kuwa treki moja, na zile 12 nikazifuta kabisa ili nisipate kishawishi cha kurudi nyuma. Kwenye spika kubwa walisikika kama kanisa zima! Usiku nikavaa hedifoni. Alto, ile sauti ya chini ya kina dada, ilikuwa imeshuka nusu toni kwenye kiitikio, tena imeganda humo na wenzake kama sukari kwenye chai.

Nikampigia kiongozi wao, nikamwomba warudi Jumamosi.

"Kaka, si uzirekebishe tu hizo ulizonazo?"

Nikamwambia nauli ni juu yangu.