Rangi ya Kuchanganya na Nyekundu: Ununue Ipi Kwanza kwa Vijisanamu Vyako

Ukipaka rangi kijisanamu cha askari, mkono wa kwanza (yaani tabaka la kwanza) wa nyekundu huenda vizuri, na vivuli hukaa mahali pake. Shida huanza ukifika kwenye kingo na miinuko inayotakiwa kupokea mwanga. Wengi huchukua nyeupe, wakaichanganya na nyekundu, na vazi la askari likageuka pinki. Kwa hiyo kabla ya kununua nyekundu ya tatu au ya nne, fikiria chupa utakayoitilia ndani yake. Hizi hapa chaguo zake, kuanzia ile ninayoipendekeza zaidi.

Ya kwanza ni rangi ya chungwa, na sioni inayoikaribia. Huipandisha nyekundu mwanga bila kuifanya ipauke, kwa sababu yenyewe tayari ina wekundu na ni nyangavu. Watengenezaji wa rangi Vallejo wana Bright Orange katika safu yao ya Model Color, na wenzao Citadel wana Troll Slayer Orange. Zote zinafaa. Kwa miinuko mipana, kama mgongo wa joho au sehemu ya juu ya bamba la bega, anza na matone matatu ya nyekundu kwa moja la chungwa. Kwa kingo, nusu kwa nusu. Ila nyekundu ina nguvu sana katika mchanganyiko: tone moja la ziada huirudisha rangi yote ulikoitoa. Ukitaka mchanganyiko mwangavu, tangulia kuweka chungwa kwenye paleti, kisha itie nyekundu kidogo kidogo kwa ncha ya brashi. Udhaifu wa chungwa ni kwamba haizibi vizuri, yaani rangi ya chini huonekana. Usiipake nzito ili kufidia. Paka mikono miwili myembamba na uache wa kwanza ukauke kabisa.

Rangi ya ngozi inashika nafasi ya pili, na kwa vitambaa huenda ningeiweka ya kwanza. Cadian Fleshtone ya Citadel au Basic Skintone ya Vallejo zina weupe ndani yake, ndiyo maana zinaziba, lakini weupe huo umefungwa na njano na hudhurungi, hivyo mchanganyiko hauendi kwenye pinki kali. Unapata nyekundu iliyotulia, ya nguo iliyovaliwa na kupigwa jua. Nyekundu zilizokoza zenye uzambarau pia huipenda kuliko chungwa, maana chungwa huzipasha joto hadi zikapoteza tabia yake. Uzuri mwingine ni kwamba chupa hii utaihitaji hata hivyo kwa nyuso na mikono.

Nafasi ya tatu nawapa wale wasiotaka kuchanganya: nyekundu nyangavu zaidi zilizo tayari. Ukianza na Mephiston Red ya Citadel, unapanda Evil Sunz Scarlet, kisha Wild Rider Red. Kwa kijisanamu kimoja naona ni kununua chupa nyingi bure. Lakini ukiwa na kikosi kizima cha kupaka, hapa ndipo pa kuweka pesa. Mchanganyiko wa paletini ukishakauka ni kazi kuupata tena ulivyokuwa, na askari wa leo hatalingana na wa wiki ijayo. Wakisimama mstari mmoja, jicho huona tofauti mara moja.

Krimu, kama Ivory ya Vallejo, ni nzuri kwa kazi moja tu: hatua ya mwisho kabisa. Tia chembe ndogo ndani ya mchanganyiko wako wa chungwa, kisha gusa pembe zenyewe, pale kingo mbili zinapokutana. Laza ubavu wa brashi na uupitishe juu ya ukingo; ncha huteleza na kuacha mstari mnene. Krimu ikizidi unaelekea rangi ya nyama ya samaki aina ya samoni, kwa hiyo simama mapema.

Njano usiinunue kwa ajili hii. Ni dhaifu mbele ya nyekundu, itabidi utie nyingi ndipo uone mabadiliko, na mwisho wa yote utakuwa umetengeneza chungwa ambayo ungeipata imekwisha tengenezwa. Pia nyingi huziba vibaya na kuacha mistari ya brashi.

Nyeupe ni ya mwisho. Nunua, maana hakuna anayeweza kukosa nyeupe, ila iache nje ya mchanganyiko wa nyekundu isipokuwa pinki ndiyo unayoitaka. Mahali pake ni nukta moja, safi, juu ya kito chekundu au kioo cha kofia, kuonyesha mmweko.

Kuhusu chupa yenyewe, kwa kuchanganya chagua ya matone kama za Vallejo. Vikopo vya Citadel vya mililita 12 vina rangi nzuri, lakini kuchota kwa brashi hakukupi kipimo unachoweza kukirudia. Na ukiweza kununua kitu kimoja zaidi, kiwe paleti ya unyevu: sponji iliyoloa maji, juu yake karatasi ya kuokea. Mchanganyiko hubaki laini kwa saa nyingi, ukifunikwa vizuri hata hadi kesho yake.

Kabla ya kugusa kijisanamu, paka mchanganyiko kwenye kipande cha plastiki chenye nyekundu ileile na usubiri ukauke. Akriliki (rangi hizi za maji) nyingi hukauka zikiwa zimekoza kidogo kuliko zilivyokuwa mbichi, na hapo ndipo utajua kama tone jingine la chungwa linahitajika.