Kopa ya juu juu: waya niliouziwa kwa ajili ya taa za dagaa

Jamani, kama una mtumbwi hapa Mwanza na unataka kubadilisha waya wa taa, soma haya kwanza. Nimeandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mimi nina mtumbwi wa dagaa. Siingii ziwani, napokea mzigo alfajiri na kuupeleka Mwaloni Kirumba. Wanaojua kazi hii wanajua kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa hatuendi, tunategemea zile siku za giza, na gizani dagaa wanafuata taa. Taa ikififia umenunua mafuta ya injini na kulipa posho ili watu wakalale ziwani. Enzi za karabai ulikuwa unasumbuka na mafuta ya taa na vile vinyavu. Sasa ni LED na betri, na kati ya taa na betri kuna waya. Betri yetu inakaa mtumbwini isilowe, taa zinaelea pembeni, kwa hiyo waya unakwenda kama mita 20. Huo ndio niliokwenda kuununua mjini kabla giza halijaanza, milimita za mraba 2.5, mwekundu kwa mweusi, nikauliza wazi: ni kopa, yaani shaba tupu? Nikaambiwa kopa, mama, kopa kabisa. Na bei niliyolipa ni ya kopa, haikupungua hata ya kununulia soda.

Siku za kwanza taa ziliwaka, sikatai. Zilikuwa hafifu kidogo lakini vijana wakadhani betri haijajaa. Kisha usiku mmoja katikati ya kazi taa moja ikawa inazimika na kuwaka kila wimbi likipiga, baadaye ikazima moja kwa moja. Walirudi na ndoo za kuhesabu kwa vidole. Mzee mmoja wa mtumbwini akanishikia kipande cha waya akaniambia, "Mayu, angalia mwenyewe." Kwenye maungio kulikuwa na unga mweupe, na nyuzi zilikuwa zimekatika bila kuvutwa. Akakwangua uzi mmoja kwa wembe. Chini ya ile rangi nzuri ya shaba kulikuwa kweupe pe. Aluminiamu.

Nikaufunga ule waya kwenye mfuko nikarudi dukani. Nikasalimia vizuri, "Habari za kazi mwanangu." Hakuitikia. Nikamwonyesha, akasema umeshaukata haurudi. Nikamwambia sijasema uurudishe, nakuuliza hii nyeupe ndani ni nini.

"Kwani mama wewe ni fundi? Waya ni waya. Taa haikuwaka?"

"Iliwaka."

"Basi."

Akaendelea na simu yake. Nikabaki nimesimama na mfuko wangu. Ndipo akatoa neno ambalo mpaka leo nikilala nalisikia: "Nyie watu wa dagaa mkikosa samaki lazima mtafute mchawi." Na wateja waliokuwepo wakacheka! Mimi mtu mzima, nina wajukuu, nachekwa na watu waliokuja kununua balbu.

Sasa niseme la haki. Baadaye fundi umeme anayenifanyia kazi nyumbani aliniambia nisiukatae waya wa namna hiyo wote. Kupaka shaba juu ya aluminiamu ni utaalamu halali, haukubuniwa na matapeli. Waya nyingi za dishi na antena, ule uzi wa katikati ni chuma au aluminiamu iliyovikwa shaba, kwa sababu mawimbi yale ya kasi yanapita kwenye ngozi ya waya tu, ndani hayagusi. Hapo shaba ya juu juu inatosha na waya unakuwa mwepesi na wa bei nafuu. Nikamwelewa. Lakini umeme wa betri haupiti kwenye ngozi, unatumia waya wote mpaka kiini, na kiini ni aluminiamu ambayo inapitisha umeme kwa shida zaidi. Alinipigia hesabu pale pale: kwa taa zangu zenye jumla ya wati 60, umbali ule, kwenda na kurudi, kopa tupu ingepoteza volti kama moja na nusu njiani. Huu unapoteza mbili na zaidi. Kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 hizo mbili huzioni. Kwenye betri ya 12 umepoteza sehemu ya sita ya nguvu kabla taa haijaonja kitu. Ndiyo maana mwenye nyumba anausifu na mwenye mtumbwi analia, na wote wanasema kweli.

Na hapo bado maji. Shaba na aluminiamu zikigusana penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na ukiukata waya tu umekwisha kuifunua. Halafu wimbi linaupindapinda usiku kucha, na aluminiamu haivumilii kupindwa kama shaba.

Kwa nini wanafanya hivyo wala halihitaji mganga. Mei 2024 tani moja ya shaba ilivuka dola 10,000 kwenye soko la London, aluminiamu haikufika hata 3,000. Sawa, biashara. Tuuzie huo huo lakini useme ni wa nini na utuuzie kwa bei yake! Kwenye roli yangu hapakuwa na neno lolote zaidi ya urefu na unene. Watu wananiambia niende Tume ya Ushindani, bidhaa bandia ni kazi yao. Labda nitakwenda. Labda nitachoka kabla.

Kilichonimaliza ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilimpelekea vile vipande nikijua kopa chakavu ina bei nzuri. Kijana hata hakufika kwenye mizani, aliunyanyua mkononi, ukawa mwepesi, akawasha kiberiti cha gesi. Uzi ukalegea na kudondoka. "Mama hii si kopa," akasema, kwa upole kabisa, na akanipa pole. Mtu wa jalalani ana adabu kuliko mwenye duka la vioo.

Waya mwingine nimenunua kwingine. Niliomba wembe kabla ya kutoa pesa, muuzaji akakwangua mwenyewe mbele yangu, nyekundu mpaka ndani. Giza hili taa zinawaka vizuri.

Alama? Ule wa zamani kipande kilichobaki nimefungia taa ya banda la kuku, mita chache tu, pakavu, na unawaka bila tatizo, kwa hiyo nilikuwa nataka kuupa mbili kati ya tano. Ila nimekumbuka lile neno la mchawi na wale waliocheka. Sifuri.