Uzoefu wangu wa Chrono Trigger: nilipewa nafasi ya pili na betri iliyokufa

Kwa miaka yote ambayo nimecheza gemu, nimecheza mpira na mbio za magari tu. Kwa hiyo, binamu yangu aliporudi kutoka Marekani na mashine yake ya Super Nintendo pamoja na kaseti ya Chrono Trigger, gemu ya hadithi ya kusafiri kati ya zama iliyotolewa Japani na kampuni ya Square mwaka 1995, nilidhani nitaichoka kabla ya magharibi. Nimeicheza kwa wiki saba na kuimaliza juzi.

Nianze na vifaa. Mashine ya Marekani hutumia umeme wa volti 120, hivyo ni lazima upate transfoma ya kushusha umeme wetu. Kaseti nayo huhifadhi safari yako kwa msaada wa betri ndogo ya duara iliyo ndani yake, na ya kwetu ilikuwa imekufa: nilipozima mashine, saa tano za mwanzo zilipotea zote. Fundi redio wa mtaani aliifungua na kutuwekea betri mpya ya CR2032. Ukinunua kaseti kuukuu, hifadhi mchezo, zima mashine na uiwashe tena mbele ya muuzaji kabla hujalipa.

Hata hivyo, hasara hiyo ndiyo iliyonifundisha gemu hii ni kitu gani. Mwanzoni kijana Crono anakwenda kwenye maonyesho ya mwaka 1000 na kugongana na msichana Marle, ambaye kidani chake kinaanguka. Mara ya kwanza nilikiokota kidani kabla ya kumjali yeye, kisha nikala chakula cha mzee mmoja kilichokuwa mezani, kwa kuwa nilizoea kwamba katika gemu kila kilichoachwa wazi ni changu. Baadaye Crono anashtakiwa kwa kumteka binti mfalme, ambaye ndiye Marle yule, na mambo hayo yote yakaletwa mahakamani kama ushahidi. Wazee wa baraza wakanitia hatiani. Nilipolazimika kuanza upya, nilimwinua Marle kwanza, nikakiacha chakula cha watu na kumrudishia mtoto paka wake aliyepotea. Wazee wa baraza waliniona sina hatia. Gerezani nilipelekwa vilevile, lakini tangu hapo sikupita tena mbele ya mtu yeyote bila kuzungumza naye.

Mapigano yalinipa taabu mwanzoni, kwa sababu adui hasubiri zamu yako: kila mhusika ana kipimo cha muda kinachojaa, na ukichelewa kuchagua unapigwa. Mgeni achague mpangilio wa kusubiri, ambao husimamisha muda anapotafuta mbinu au dawa. Utamu halisi huja pale vipimo vya wahusika wawili vinapojaa na wakaunganisha mbinu zao, kama upanga wa Crono na moto wa rafiki yake Lucca.

Michoro ya wahusika ni ya Akira Toriyama, na muziki, ambao sehemu kubwa ni ya Yasunori Mitsuda, ulinifanya mara nyingi niiache pedi nisikilize tu.

Udhaifu niliouona uko karibu na mwisho. Ukishapata chombo kinachoruka kati ya zama, hadithi inakuachia ulimwengu mzima, na mimi nilizunguka siku kadhaa bila mwelekeo hadi nilipomrudia mzee anayekaa Mwisho wa Nyakati na kumsikiliza vizuri.

Kwa maelezo yake ndipo nilipofika sehemu niliyoipenda kuliko zote. Robo, mtu wa chuma, anabaki mwaka 600 kumsaidia mama mmoja kurudisha msitu mahali palipogeuka jangwa. Wenzake wanaruka hadi mwaka 1000 na kumkuta amefanya kazi hiyo miaka 400, nao msitu umesimama. Usiku ule wanaota moto pamoja, na Lucca anapata nafasi ya kurudi siku ambayo mashine ilimlemaza mama yake miguu. Neno la kuizimisha huingizwa kwa vitufe vya pedi, na mimi sikulipata kwa wakati. Nafasi hiyo huja mara moja tu katika safari nzima. Gemu inakuruhusu kuanza tena ukiwa na nguvu zako zote, na jana nimeanza, kwa ajili ya mama yule.