Fludrokotisoni na haidrokotisoni: ipi hulinda chumvi ya mwili?

Mgonjwa wa Addison, ambaye tezi zake za adrenali zilizo juu ya figo zimeharibika, kwa kawaida huandikiwa vidonge vya aina mbili. Wengi hudhani aina moja inatosha. Haitoshi.

Fludrokotisoni hushika nafasi ya aldosteroni, homoni ya adrenali inayotunza chumvi: huzifanya figo zirudishe sodiamu kwenye damu, maji yaifuate, na potasiamu ya ziada itoke kwa mkojo. Dozi yake ni ndogo mno, mara nyingi miligramu 0.05 hadi 0.2 kwa siku. Ikikosekana, mtu hutamani chumvi, huona kizunguzungu akisimama, na potasiamu ikipanda sana mapigo ya moyo huvurugika.

Haidrokotisoni hurudisha kotisoli, homoni nyingine ya adrenali, miligramu 15 hadi 25 zikigawanywa kutwa. Nayo husaidia kuhifadhi chumvi kidogo, lakini kazi yake kubwa ni kuupa mwili uwezo wa kuhimili maradhi. Ndiyo maana homa ikipanda huongezwa haidrokotisoni, si fludrokotisoni. Akitapika mfululizo, jamani, apelekwe hospitali upesi akachomwe sindano ya haidrokotisoni.

Aliyeharibikiwa tezi ya pituitari pekee, ile iliyo chini ya ubongo inayoziamuru adrenali zitoe kotisoli, kati ya dawa hizi mbili huhitaji haidrokotisoni tu, kwani aldosteroni huongozwa zaidi na figo zenyewe kupitia renini, kimeng'enya ambacho figo hukitoa kwenye damu.