Casio fx-82MS: kikokotoo bora cha kuifukuzia pai

Wengi wetu hununua kikokotoo cha Casio fx-82MS kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukishapita hubaki kabatini bila kazi. Mimi nakipima hapa kwa kazi nyingine kabisa, yaani mchezo wa kutafuta hesabu fupi zinazoikaribia pai (namba unayoipata ukigawanya mzingo wa duara kwa kipenyo chake), na kwa kazi hiyo sijaona kifaa cha bei nafuu kinachokishinda.

Pai haina kitufe chake peke yake. Unabonyeza SHIFT, kisha EXP, halafu alama ya sawasawa, na kioo kinaonyesha 3.141592654. Tarakimu hizo kumi ndizo uwanja mzima wa mchezo. Kwa kuwa desimali za pai hazina mwisho wala hazijirudii kwa mpangilio, hakuna sehemu yoyote ya aina ya 22/7 itakayolingana nayo kikamilifu. Kinachobaki ni kushindana ni nani atakayeikaribia zaidi kwa namba chache zaidi. Kioo cha mistari miwili kinafaa sana hapo, maana hesabu uliyoandika hubaki juu huku jibu likitokea chini, na kwa mshale unaweza kuirudia hesabu iliyopita na kubadilisha tarakimu moja tu bila kuandika upya. Kabla ya kuanza, bonyeza MODE mara tatu, kisha 3, kisha 2, ili tofauti ndogo zionekane kama desimali za kawaida.

Tuanze na 22/7 tuliyoizoea tangu shule ya msingi. Ukitoa pai, inabaki 0.001264489. Sasa jaribu 3.14, ambayo wengi huiamini zaidi kwa sababu imeandikwa kwa desimali: tofauti yake na pai ni 0.001592654. Sehemu ile ya zamani ndiyo iliyo karibu zaidi! Nafurahi kila ninapomwonyesha mwanafunzi jambo hili, kwa sababu aliyeambiwa kwamba 22/7 ni ya watoto huanza kuitazama kwa heshima. Kwa sisi tunaoandika siku kabla ya mwezi, tarehe 22 Julai husomeka 22/7, na wapenzi wa hisabati huiadhimisha kama siku ya makadirio ya pai. Siku ya pai yenyewe, 14 Machi, iliyoanzishwa mwaka 1988 na Larry Shaw katika jumba la sayansi la Exploratorium mjini San Francisco, hufuata desturi ya Marekani ya kutanguliza mwezi, yaani 3/14.

Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha kwamba pai ni kubwa kuliko 223/71 na ndogo kuliko 22/7 kwa kubana duara kati ya maumbo mawili ya pande 96, moja ndani na jingine nje. Kikokotoo hiki kinakuwezesha kumfuata kwa hesabu mbili tu: 96×sin(180÷96) hutoa 3.141031951, na ukiweka tan mahali pa sin unapata 3.1427146. Herufi D lazima ionekane juu ya kioo, kwani bila digrii majibu yote mawili huharibika.

Bingwa wangu ni 355/113, iliyopatikana na Zu Chongzhi wa China katika karne ya 5. Ni rahisi kuikumbuka: andika 113355, kata katikati, kisha gawanya nusu ya pili kwa nusu ya kwanza. Kioo kinaonyesha 3.14159292, na tofauti ni takriban 0.00000027 tu. Tukichukua kipenyo cha dunia penye ikweta, kilomita 12,756, na kukadiria mzingo wake kwa 22/7, tunazidisha kwa kilomita 16 hivi. Kwa 355/113 tunazidisha kwa mita tatu na nusu hivi. Vipeuo navyo vina raha yake, ingawa havifiki mbali: kipeuo cha pili cha 2 kikijumlishwa na kipeuo cha pili cha 3 hutoa 3.14626437, na kipeuo cha tatu cha 31 hutoa 3.141380652.

Kisha kuna hesabu ya mwanahisabati wa India, Srinivasa Ramanujan, ya mwaka 1914: gawanya 2143 kwa 22, halafu tafuta kipeuo cha pili mara mbili mfululizo. Jibu ni 3.141592653. Liweke kando ya pai na utaona kwamba zinatofautiana kwenye tarakimu ya kumi pekee, ya mwisho inayoonekana kwenye kioo.

Hila ninayoipenda kuliko zote inahitaji radiani, kipimo kingine cha pembe badala ya digrii, kwa hiyo bonyeza MODE mara mbili, kisha 2. Andika 3 na sawasawa, halafu andika Ans + sin Ans (Ans ni jibu lililotangulia) na ubonyeze sawasawa mara mbili. Ya kwanza hutoa 3.141120008, ya pili hutoa 3.141592654. Kutoka tatu tupu hadi pai yote ya kioo, kwa hatua mbili!

Kasoro zipo. Sehemu huandikwa kwenye mstari mmoja kwa alama ndogo kati ya namba, na ukitumia kitufe cha sehemu, 355/113 hugeuzwa kuwa 3, 16 na 113, jambo linalomchanganya anayeanza. Kitufe cha Ran# cha namba za bahati nasibu, kinachoweza kutumika kukadiria pai kwa kuhesabu alama zinazoangukia ndani ya robo duara, hutoa desimali tatu tu, na kazi yenyewe huchosha haraka. Anayetaka sehemu ziandikwe kama kitabuni anunue fx-82ES PLUS. Kwa mchezo huu bado nachagua MS, kwa sababu ES ikijumlisha vile vipeuo viwili hukurudishia alama za vipeuo mpaka uombe desimali, ilhali MS hukupa desimali papo hapo.